Dawati limetoka msitu wa nani?

Haya ni maneno tuliyoyasema mjini Bunia mbele ya wahasibu, watunza stoo, wakuu wa shule na wasimamizi wa hospitali, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kununua vitu kwa fedha za umma. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Tumeondoa salamu ndefu, pamoja na majina ya wale waliotusimulia mambo yao.



Tunajua mmeacha mafaili mezani, na wengine mmekuwa njiani tangu alfajiri. Mlipopata barua yetu, wengi wenu mliuliza: watu wa amani wanatafuta nini katika mambo ya manunuzi? Hao si ndio wale wa kukutanisha wazee, kuzungumza na vijana wenye silaha, kuwarudisha watoto shuleni? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa kusimulia kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa fedha za kununua madawati 60 kwa ajili ya shule moja ya msingi ya serikali katika teritwari ya Irumu, mahali ambapo watu walikuwa wanarejea kutoka ukimbizini. Tulifuata kanuni zote. Tulikusanya profoma tatu, tukazilinganisha, tukachagua ile ya bei ya chini. Muuzaji alituhakikishia kwamba mbao ni libuyu safi, mti wa hapa hapa Ituri, hazina rangi yenye sumu, wala hazikuletwa kwa meli kutoka mbali. Tukaandika katika ripoti yetu kwamba tumenunua madawati yasiyodhuru mazingira. Wafadhili wakafurahi.

Siku ya kukabidhi, baada ya hotuba na ngoma, mzee mmoja alisogea kwenye dawati la mbele. Alipitisha kiganja juu ya ubao, akauliza taratibu: "Mbao hizi zimetoka ng'ambo gani ya mto?" Hatukuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Ng'ambo ya pili kulikuwa na msitu ambao jamii mbili zimeugombania kwa muda mrefu, na tangu watu walipokimbia, vijana wenye bunduki walikuwa wanauuza mti kwa mti. Wale wachache waliobaki waliona malori yakipita usiku. Walimjua mwenye msumeno wa injini, na walijua alimlipa nani ili aingie. Wazazi wa upande mmoja wakasema watoto wao hawataketi juu ya msitu walionyang'anywa. Kwa majuma matatu darasa lile lilikuwa na nusu ya watoto juu ya madawati na nusu chini sakafuni, na walimu walikuwa wakitazama kila asubuhi ule ugomvi ambao sisi tulidhani tumekuja kuuzima.

Tuliporudi ofisini tulizitoa profoma zile tatu tukazisoma upya. Zilikuwa na mahali pa kuandika bei, idadi, na siku ya kuleta mzigo. Hapakuwa na mahali pa kuandika ng'ambo ya mto.

Neno "kijani" lisitudanganye

Katika nchi nyingi jambo hili la ofisi za serikali kununua vitu visivyoharibu mazingira limekwisha kuwa kawaida. Uingereza tangu 2009 iliamuru idara zake kuu zinunue tu mbao zinazothibitishwa kuwa za halali na za misitu inayotunzwa. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, uliweka katika lengo la 12 kwamba serikali zitumie manunuzi yao kwa njia hiyo. Mwaka 2017 ukatolewa mwongozo wa kimataifa unaoitwa ISO 20400 unaoeleza namna ya kufanya. Maana yake ni rahisi. Serikali ni mnunuzi mkubwa kuliko wote; ikibadilisha inachonunua, wauzaji nao hubadilika.

Lakini mnunuzi wa London ana msaada ambao sisi hatuna. Ana kibandiko kilichowekwa na wakaguzi, ana maabara, ana mahakama ya kumshtaki muuzaji mwongo. Hapa Bunia kibandiko ni karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuichapisha pale karibu na soko kuu. Tumewahi kuona gunia la makala limeandikwa kwa Kifaransa kwamba ni la kiikolojia. Tulipouliza kwa nini, kijana aliyelibeba alisema: "Wateja wa mashirika wanapenda hivyo." Alisema kweli, na aliyekuwa anachekwa ni sisi.

Kwa hiyo tunawashauri mwanzoni msiulize kama kitu ni cha kijani. Ulizeni maswali mawili ambayo mtu wa Ituri anaweza kuyajibu bila maabara. La kwanza: kitu hiki kimeota au kimechimbwa juu ya ardhi ya nani? La pili: njiani, kutoka kule hadi mlango wa stoo yangu, nani amelipwa?

Swali la pili si la kutunga. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, pamoja na wenzao Wakongomani, walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakapata 798. Hawakuhesabu Ituri. Na vizuizi hivyo si vya waasi peke yao. Ninyi mnasafiri, mnajua ni nani wanaosimama kwenye kamba. Kila mzigo wa mbao, kila baiskeli ya makala hulipa hapo, na malipo hayo yamo ndani ya bei mnayoletewa. Ofisi ya umma inaponunua bila kuuliza, inawalipa pia watu wale ambao ofisi nyingine ya umma inatafuta fedha za kupigana nao.

Jambo hili si jipya kwetu. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza namna mbao za upande huu zilivyovuka kwenda Uganda, kisha zikaendelea hadi masoko ya mbali kama mbao za kule. Miaka ile, kati ya 1999 na 2003, Ituri ilipoteza makumi ya maelfu ya watu. Hatusemi walikufa kwa ajili ya mbao. Ugomvi ulioanza 1999 kule Walendu Pitsi, Djugu, ulikuwa wa mashamba. Lakini bunduki zinahitaji kulishwa, na msitu haukimbii.

Mbao

Tukae hapa kidogo, maana mbao ndizo mnazonunua mara nyingi: madawati, milango, vitanda vya wagonjwa, mbao za kumwagia zege, hata majeneza.

Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaruhusu Mkongomani kukata mbao kwa kiwango kidogo akiwa na kibali. Ombeni kibali hicho. Msikipokee na kukifungia kwenye faili, kisomeni. Kinataja eneo na muda. Kibali cha mwaka juzi hakifunui mbao za jana. Kibali cha eneo moja hakiwezi kuzaa malori mengi kuliko miti iliyopo. Kama mzigo umetoka upande wa Mambasa, hakikisheni hautoki ndani ya Hifadhi ya Okapi, ambayo ni urithi wa dunia tangu 1996 na imekuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Na kama muuzaji atawaambia kwamba libuyu yake inapitia nchi ya jirani kabla ya kurudi, muulizeni kama ni mti wa Khaya, na kama ndivyo aonyeshe hati ya CITES, kwa sababu tangu Februari 2023 magogo na mbao za Khaya za Afrika hazivuki mpaka bila hati hiyo.

Tunajua mtakachosema. Karatasi zote hizi zinanunuliwa. Ni kweli. Ndiyo maana tunapenda karatasi iwe na mtu nyuma yake. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kupewa msitu wake kwa hati, usiozidi hekta 50,000, na kuutunza na kuutumia bila kikomo cha miaka. Misitu ya namna hiyo ipo katika majimbo kadhaa, na Mambasa ni miongoni mwa mahali ilipopatikana. Mbao ikitoka huko, unaweza kwenda ukakuta kijiji, mwenyekiti wa kamati, mwanamke anayetunza daftari, na ukawauliza fedha za mti wa mwisho zilifanya nini. Jibu linaweza kuwa baya, lakini kuna mtu wa kulitoa.

Njia nyingine ni miti ya kupandwa, hasa mikaratusi na grevilea ya milimani. Hapa tunataka kuwaonya, kwa sababu sisi tuliwahi kuisifu kwa haraka. Kwa kweli mkaratusi uliopandwa huupumzisha msitu wa asili. Lakini ninyi ni watu wa Ituri, mnajua kupanda mti ni kusema "hapa ni kwangu". Tangu sheria ya ardhi ya Julai 1973 iseme udongo wote ni mali ya Serikali, mtu wa kijijini asiye na hati hutafuta ushahidi wa aina nyingine, na mti ni ushahidi unaoonekana kutoka mbali. Familia ikikimbilia kambi ya Kigonze hapa mjini, ikakaa huko miaka mitatu, inaweza kurudi ikute shamba lake la mihogo limesimama mikaratusi ya mtu mwingine yenye kimo cha nyumba. Siku ofisi yako itakaponunua nguzo zile, utakuwa umempa yule aliyepanda kitu kikubwa kuliko fedha. Utakuwa umempa risiti yenye muhuri wa serikali, inayosema miti ilikuwa yake. Kesho ataipeleka mbele ya mkuu wa kijiji.

Basi kabla ya kununua miti ya kupandwa, ulizeni ilipandwa mwaka gani, na mwaka huo nani alikuwa akilima pale. Maswali haya hayahitaji mtaalamu. Yanahitaji mtu wa kupanda pikipiki aende akazungumze na majirani wa pande zote, na si kwa mkuu wa kijiji peke yake. Tumeona mara nyingi kwamba mama wa jirani anajua mpaka uko wapi kuliko ramani.

Tena mkaratusi una ubaya wake wa ufundi. Ukikatwa leo na kuchongwa kesho, dawati litapinda kabla ya mitihani. Mkuu wa shule mmoja aliyeko hapa ametuambia ana madawati yanayocheza kama ngalawa. Kwa hiyo pimeni unyevu. Chukua kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, kipime kwenye mizani ndogo. Kianike juu ya jiko lenye moto mdogo, kisiungue, ukipime tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 500 na kimebaki gramu 400, maji yaliyotoka ni 100, ambayo ni asilimia 25 ya ubao mkavu. Huo haufai kwa samani. Fundi mzuri anataka iwe karibu asilimia 12 hadi 15. Mwandikieni muuzaji sharti hilo tangu mwanzo. Dawati linalodumu miaka 15 linaokoa mti ambao ungekatwa kwa ajili ya dawati la pili, na huo ndio utunzaji wa mazingira ambao hata mhasibu mgumu ataukubali.

Makala

Hospitali, gereza, kambi ya askari, shule yenye mabweni: wote wanapika, na karibu wote wanapika kwa kuni na makala. Katika tanuri ya kawaida ya udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Zilizobaki huwa moshi. Tanuri lenye bomba la moshi, linaloitwa la Casamance kwa sababu lilitoka Senegal, hutoa zaidi likiwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Wenzetu wa Goma walianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa kupanda miti ya makala nje ya Hifadhi ya Virunga ili watu waache kuikata iliyo ndani. Kuna mengi ya kujifunza kwao, pamoja na lile la ardhi tulilosema sasa hivi.

Lakini kabla ya kufika kwenye tanuri, tazameni namna mnavyonunua. Mnanunua kwa gunia. Gunia la nani? Kuna gunia lenye shingo na gunia lisilo na shingo, kuna lenye majani chini, kuna lililonyeshewa usiku. Mtunza stoo mmoja alitueleza bila kuona haya kwamba alikuwa anapokea magunia yenye mawe, na kwamba mwenzake aliyemtangulia alikuwa anapata matabishi ili asiyaone. Nunueni kwa kilo. Wekeni mizani mlangoni. Jambo hili dogo huondoa maji, mawe na matabishi kwa siku moja, na ofisi itajua kwa mara ya kwanza inatumia kiasi gani. Kabla ya kujua hivyo, kusema tumepunguza ni maneno matupu.

Halafu jiko. Majiko yenye kauri ndani, ambayo Kenya iliyaeneza tangu miaka ya 1980, yanaweza kuokoa theluthi moja ya makala, na mara nyingine karibu nusu, yakitengenezwa vizuri. Yakitengenezwa vibaya, kauri hupasuka mwezi wa pili na jiko linabaki kopo. Msimwamini muuzaji wala msituamini sisi. Pikeni. Chukueni jiko la zamani na jipya, maharage ya gunia moja, sufuria zinazolingana, maji yale yale, mpishi yule yule. Pimeni makala kabla, pimeni yaliyobaki baada. Fanyeni siku tatu, maana siku ya kwanza kila mtu hupika kwa uangalifu kwa sababu wageni wanatazama. Jiko lililoshinda ndilo mlinunue, hata kama halina kibandiko cho chote.

Na kabla ya jiko, ndoo. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni huiva mapema zaidi kuliko yaliyotiwa sufuriani makavu. Mama mpishi wa shule moja alitusikiliza nusu saa tukieleza majiko, kisha akatuambia alikuwa ameomba ndoo tano kubwa za kulowekea tangu mwaka uliopita, na ombi lake liko kwa mhasibu. Tulikwenda kwa mhasibu.

Kuhusu plastiki tutasema kwa ufupi. Nchi yetu ilikuwa na amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza mifuko na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilifanya hivyo 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Mnaijua hali ya mitaro ya Bunia baada ya mvua, hatuna haja ya kuieleza. Tunasema tu kwamba ofisi haihitaji amri mpya ili iache kununua vichupa vya maji kwa mikutano. Leo mezani mmeona majagi na vikombe. Mmoja wenu amekwisha kutuuliza kama fedha za mradi zimeisha.

Taa na betri

Vifaa vya jua vinaonekana ndivyo vya kijani kuliko vyote, na kwa kituo cha afya kilicho mbali na mji ni baraka. Mwanamke anayejifungua saa nane usiku hana haja ya hotuba yetu. Lakini soko limejaa taa zinazokufa baada ya msimu mmoja. Hesabuni hivi: taa ya dola 12 inayodumu miezi sita, kwa miaka mitatu mtainunua mara sita, jumla dola 72. Taa ya dola 40 inayodumu miaka mitatu ni dola 40. Profoma inaonyesha 12 na 40, na kamati inachagua 12. Kwa vifaa hivi, angalau, kuna msaada wa kutoka nje unaofaa: mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia ulianza kupima taa kama hizi tangu miaka ya 2000, na tangu 2020 kazi hiyo inaendelea kwa jina la VeraSol. Orodha ya vifaa vilivyofaulu imewekwa kwenye intaneti bure. Mtu mmoja ofisini aifungue kabla ya kuandika masharti.

Swali ambalo halimo katika orodha hiyo ni hili: betri ikifa itakwenda wapi? Betri kubwa za kawaida zina risasi ndani. Mjini Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu mpaka kilipofungwa 2014. Moshi na maji yake viliwaingiza sumu watu waliokuwa wakiishi ukutani pake. Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wanakijiji kudai haki, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman. Mahakama iliwapa wanakijiji shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, rufaa ikaivuruga hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Betri za kiwanda kama kile hutoka kwenye magari, kwenye minara ya simu, kwenye ofisi. Hakuna ofisi hata moja iliyodhani inapeleka sumu kwa watoto. Ziliuza vyuma chakavu tu.

Kwa hiyo andikeni katika mkataba kwamba anayeuza betri mpya atachukua ile ya zamani, ataeleza kwa maandishi anaipeleka wapi, na mtamzuilia sehemu ndogo ya malipo mpaka aonyeshe. Tumewahi kulijaribu. Wauzaji wawili walikataa, wa tatu alikubali, na bei yake haikuwa kubwa zaidi.

Masharti yaandikwe lini, na fedha zilipwe lini

Sheria Na. 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu manunuzi ya umma inasimama juu ya mambo matatu: kila mtu awe huru kushiriki, wote watendewe sawa, na mambo yafanyike wazi. Wengine husema sheria hii inazuia kutazama mazingira, kwa sababu lazima tuchague bei ya chini. Sisi tunaona kikwazo kiko kwingine. Kama hukuandika sharti la unyevu, asili ya mti, au kurudisha betri katika hati ya zabuni, huwezi kulileta siku ya kufungua bahasha. Utakuwa umewaonea walioshindana. Likiandikwa mapema, likasomwa na wote, ni sharti kama urefu wa dawati. Kazi yote iko katika zile kurasa ambazo kwa kawaida tunazinakili kutoka zabuni ya mwaka jana saa kumi na moja jioni.

Kuna hatari pia, na tuiseme. Sharti la kijani linaweza kukatwa kama nguo kwa kipimo cha mtu mmoja. Mkiandika kwamba mbao lazima ziwe za mikaratusi ya mlima fulani, na wenye mlima huo wote ni wa jamii moja, mji mzima utajua kabla ya magharibi kwamba zabuni ni ya Wahema, au ya Walendu, au ya Wanande. Mtakuwa mmeulinda msitu na kuwasha moto mwingine. Tunapendelea zabuni igawanywe mafungu: madawati ya njia ya Mahagi yatolewe huko, ya njia ya Komanda huko, na masharti yawe yale yale kwa wote. Hata mafundi walio ndani ya kambi za wakimbizi wa ndani wapate fungu lao. Wana mikono, na wengi wana misumeno yao waliyotoroka nayo.

La mwisho ni malipo, na hapa hatuna jibu zuri. Mwenye miti 200 hawezi kungoja miezi minane hazina imlipe. Anayeweza kungoja ni mfanyabiashara mkubwa, yule yule mwenye malori ya usiku, kwa sababu fedha zake zinazunguka mahali pengine. Tumeona kikundi cha wapandaji kilichoshinda zabuni kihalali, kikaleta nguzo, kikangoja, kisha kikauza zilizobaki kwa mfanyabiashara huyo kwa nusu ya bei. Ofisi iliyonunua ilikuwa na masharti mazuri kuliko yote tuliyowahi kusoma. Tunachoweza kushauri ni kuleta mzigo kidogo kidogo na kulipa kila mzigo unapopimwa, na kutotangaza zabuni kabla fedha hazijafika. Wakuu wa idara walioko hapa wanaujua uzito wa sentensi hiyo ya mwisho. Tunawaomba waijibu mchana, si sisi.

Mmoja ameuliza kwenye karatasi: yale madawati 60 yalikwenda wapi? Yapo bado. Wazee wa pande zote mbili walikaa mara nne, mara ya mwisho ndani ya darasa lile lile. Waliafikiana kwamba yabaki shuleni bila kuwa ya upande wo wote, na kwamba sisi tulipe miche ya kupandwa kando ya mto, ng'ambo zote mbili, kwa idadi waliyoitaja wao. Tulilipa. Miche ya ng'ambo moja ililiwa na mbuzi, tukalipa tena.

Sasa tunakwenda nje. Mizani iko mlangoni, jiko limekwisha kuwashwa, na fundi ameleta vipande vitatu vya ubao ambavyo hatakubali kutuambia vimekatwa lini. Kila kikundi kichukue kimoja. Wale waliokuja na profoma zao wabaki na sisi upande wa kivuli.